Mwongozo kamili wa kuchunguza jamii za mosi na kuvumwani Antaktika

Anayefika Antaktika kwa mara ya kwanza akiwa na nia ya kuchunguza mimea huanza na kosa ambalo ni rahisi kulisamehe: hudhani kwamba baridi ndiyo inayoamua kipi kiote wapi. Baridi ipo, tena kali, lakini ipo kila mahali, kwenye jiwe tupu na kwenye zulia la kijani lililo hatua tatu tu kutoka kwenye jiwe hilo. Kinachotofautisha sehemu hizo mbili ni maji yanayotiririka au angalau yanayolowesha. Bara hili ni jangwa ambalo karibu maji yake yote yamefungwa ndani ya barafu, na ardhi isiyofunikwa na barafu haifiki asilimia 1 ya eneo lake lote. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho: soma maji kwanza, hesabu spishi baadaye.

Maneno mawili yahitaji kuelezwa. Kwa mosi ninamaanisha vimea vifupi visivyo na maua wala mizizi ya kweli, ndugu wa vile vinavyoota kwenye kuta zenye unyevu na juu ya magogo ya msituni. Kuvumwani, ambayo wengine huiita likeni, si mmea mmoja bali ni ushirika wa kuvu na mwani, au wa kuvu na sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua), ambamo kuvu hujenga nyumba na mshirika wake hupika chakula kwa mwanga wa jua. Mimea ya maua ya asili Antaktika ni spishi 2 tu, nyasi iitwayo Deschampsia antarctica na kimea Colobanthus quitensis, nazo zimejibana kwenye Rasi ya Antaktika na visiwa vya jirani. Kwingineko bustani yote ni ya mosi, ambazo zimezidi spishi 100, na ya kuvumwani, ambazo zinakaribia 400, pamoja na mwani na vijidudu vinavyoishi nazo.

Mosi na kuvumwani hazina mizizi ya kuvuta maji kutoka chini, wala hazina ngozi ya kuyazuia yasitoke, hivyo hulowa mahali pakilowa na hukauka mahali pakikauka. Zikikauka hazifi, hulala. Tofauti kati yao imo katika namna ya kuamka: kuvumwani nyingi zenye mwani wa kijani huweza kuamshwa na mvuke wa hewani au na theluji iliyozigusa, na spishi iitwayo Umbilicaria aprina imepimwa ikifanya usanisinuru kwenye nyuzi -17 za Selsiasi, ilhali mosi hudai maji yenyewe. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya ramani ya mimea ya Antaktika, yaani mosi mabondeni na kwenye vijito vya maji ya theluji, kuvumwani vilimani na kwenye miamba iliyo wazi kwa upepo.

Mfano nitakaoufuata ni wa Windmill Islands, karibu na kituo cha utafiti cha Australia kiitwacho Casey, kwenye latitudo ya takriban digrii 66 kusini, mashariki mwa Antaktika. Hapo ndipo penye baadhi ya mazulia bora ya mosi katika bara hilo, na hapo ndipo mabadiliko yake yamefuatiliwa kwa subira ya miaka mingi.

Hatua ya kwanza: kibali na usafi

Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika mwaka 1998 chini ya Mkataba wa Antaktika wa 1959, inataka mtu awe na kibali kabla ya kuchukua mimea au kuidhuru kwa kiasi kinachoathiri wingi au mtawanyiko wake, na inataka athari za kazi yoyote kwa mazingira zitathminiwe kabla haijaanza. Baadhi ya mazulia ya mosi yako ndani ya maeneo yenye hifadhi maalumu, kwa mfano Eneo namba 135 kwenye Rasi ya Bailey, ambako hata kuingia tu kunahitaji kibali. Omba mapema, ukitaja idadi ya viunzi, yaani fremu za mraba za kuhesabia mimea, utakavyoweka, uzito wa sampuli na njia utakayopita kwa miguu. Ombi lisemalo tu kwamba utakusanya mosi kwa ajili ya utafiti halimpi mtoa kibali chochote cha kupima.

Usafi ni sehemu ya sayansi yenyewe. Nyasi ya kawaida ya Ulaya, Poa annua, ilionekana karibu na kituo cha Arctowski kwenye Kisiwa cha King George katikati ya miaka ya 1980, na kuing'oa kumekuwa kazi ya miaka. Mbegu husafiri katika nyuzi za soksi, kwenye gundi-kitambaa (velcro) za mikoba, ndani ya mikunjo ya mifuko na katikati ya meno ya soli. Zikague kwa kibanio na mwanga mkali kabla ya kupanda meli au ndege. Kisha zikague tena unapohama kutoka bonde moja hadi jingine, kwa sababu hata spishi ya kienyeji ikihamishwa na mguu wako itakuharibia swali la kwa nini iko pale ilipo.

Tembea juu ya mwamba au theluji ngumu. Mosi ya mashariki mwa Antaktika hurefuka kwa kati ya milimita 0.2 na 3.5 kwa mwaka, kwa hiyo alama ya kiatu itawasubiri wajukuu wako.

Hatua ya pili: kuyasoma maji

Msimu wa kazi ni kuanzia Desemba hadi Februari, wakati theluji inapoyeyuka. Siku mbili za kwanza usiweke kiunzi chochote. Panda hadi mahali palipo na lundo la theluji linalodumu, kisha teremka ukifuata maji, ukichora kwenye daftari wapi yanatiririka, wapi yanajificha chini ya kokoto, wapi yanatuama, na saa ngapi. Rudi asubuhi, adhuhuri na usiku, kwa maana kijito kilichonguruma saa nane mchana huenda kikawa kimekauka au kuganda ifikapo saa tano usiku, ingawa jua bado linaonekana.

Pamoja na maji, tafuta mbolea. Mazulia ya Windmill Islands yanalishwa kwa sehemu na nitrojeni kutoka kwenye makoloni ya ngwini yaliyohamwa maelfu ya miaka iliyopita. Ndege walishaondoka lakini samadi yao bado inaliwa. Dalili nyepesi ya mbolea ya siku hizi ni kuvumwani ya rangi ya chungwa kali, Xanthoria elegans, ambayo siku hizi huitwa pia Rusavskia elegans, inayopenda miamba wanayotua au kutagia ndege. Ukiiona juu ya jiwe, tazama juu yake na upande upepo unakotoka. Mara nyingi kuna kiota. Karibu mno na makoloni makubwa yaliyo hai, hata hivyo, kukanyagwa na wingi wa chumvi na samadi huiua mosi, kwa hiyo kanuni ya mbolea kuleta mimea ina mpaka wake.

Hatua ya tatu: kuchagua mahali pa viunzi

Panga viunzi kufuata mteremko wa unyevu, wala si kufuata uzuri wa macho. Kwenye kila bonde chagua sehemu tatu: ile yenye maji, ambako mosi hai imeshikana kama zulia, ile ya mpito, ambako mosi hai na mosi iliyokufa zimechanganyika, na ile kavu, ambako kuvumwani zimetanda juu ya masalia ya mosi ya zamani. Mstari mmoja wa kamba unaokata sehemu hizo tatu, wenye viunzi vilivyopangwa kwa umbali uliouamua kabla ya kufika, utakueleza mengi kuliko viunzi kumi vilivyowekwa palipovutia. Mtafiti anayechagua palipo kijani zaidi mwaka wa kwanza ataona mosi ikipungua mwaka wa tano hata kama hakuna kilichobadilika, kwa sababu alianzia kileleni.

Kuna jambo dogo linalowapotosha hata wazoefu. Zulia la mosi si tambarare. Lina matuta na vishimo vya upana wa vidole viwili vitatu, na kwenye tuta mosi huwa ya kijivu au nyeusi wakati kwenye kishimo kilicho pembeni yake ni ya kijani kibichi. Kiunzi kikisogea sentimita tatu tu kati ya mwaka huu na ujao, umehesabu matuta badala ya vishimo. Weka alama za kudumu kwenye pembe mbili zinazokabiliana, za chuma kisichoshika kutu na zilizoruhusiwa na kibali chako, zishindiliwe kwenye kokoto nje ya mosi, na usiitegemee GPS ya mkononi, kwa kuwa makosa yake ni ya mita.

Hatua ya nne: kiunzi, picha na hesabu

Kiunzi cha sentimita 25 kwa 25 kinatosha kwa mimea mifupi hivi. Kitengeneze kwa alumini, ukivute nyuzi tisa kila upande kwa umbali wa sentimita 2.5, nawe utapata makutano 81. Kwenye kila makutano andika kimoja tu: jina la spishi, mosi iliyokufa, kuvumwani juu ya mosi, jiwe, udongo au maji. Kila nukta ni sawa na asilimia 1.2 hivi ya kiunzi, kwa hiyo usiripoti ongezeko la asilimia 1 kana kwamba umelipima.

Kabla ya kuhesabu, piga picha kutoka juu kabisa, kamera ikiwa sambamba na ardhi, huku kipimo cha urefu na kadi ya rangi vikionekana pembeni. Zuia jua kwa mwavuli mweupe au kitambaa, kwa sababu kivuli cha tuta moja huonekana kwenye picha kama mosi nyeusi. Andika saa, hali ya mawingu na kama mosi ilikuwa imelowa. Hili la mwisho husahauliwa kuliko yote, nalo ndilo lenye madhara makubwa: mosi kavu hubadilika rangi kiasi kwamba picha ya siku kavu na ya siku yenye maji, za kiunzi kilekile, zitaonekana kama za miaka ishirini ya tofauti. Ndege zisizo na rubani husaidia kupata sura ya bonde zima, lakini zinahitaji kibali chake, huwasumbua ndege, na hazioni tofauti ya spishi mbili za mosi zilizokaa bega kwa bega.

Rangi igawe katika makundi matatu. Kijani ni mosi iliyo na afya. Nyekundu au kahawia ni mosi iliyo taabuni, ambayo imeweka rangi za kujikinga na mwanga mkali huku klorofili ikipungua. Kijivu au nyeusi ni mosi iliyolala kwa muda mrefu au iliyokufa.

Hatua ya tano: kutambua spishi

Windmill Islands zina fadhila moja kwa mwanafunzi: mosi za kuzijua ni chache. Schistidium antarctici, ambayo ni ya Antaktika pekee, hufanya matakia manene yaliyoshikamana na hupenda palipo na maji mengi. Ceratodon purpureus ni fupi, mara nyingi yenye wekundu wa shaba, na huvumilia ukavu kuliko wenzake. Bryum pseudotriquetrum ina mashina makubwa zaidi na majani mapana, nayo hupatikana katika unyevu wa viwango vingi. Wa nne ni Cephaloziella varians, ambayo si mosi hasa bali ni jamaa yake wa kundi la mimea-ini, myembamba na mweusi, anayejipenyeza katikati ya wengine.

Piga magoti na utumie lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Chukua zulia kavu, angusha tone moja la maji kutoka kwenye bomba la plastiki, na usubiri bila kupumua juu yake. Majani yaliyokuwa yamebanwa kwenye shina huanza kufunguka mbele ya macho yako, moja baada ya jingine, kile kilichoonekana kama vumbi jeusi kikawa nyota ndogo za kijani. Tambua mosi ikiwa imelowa hivyo. Ikiwa kavu, Schistidium na Ceratodon zitakudanganya. Pasipo na hakika, chukua mashina matatu manne kwa kibanio na uyatazame majani yake kwa hadubini kituoni, ambapo seli ndefu za Bryum hutengana bila ubishi na seli ndogo za mraba za Ceratodon.

Kuvumwani zipange kwanza kwa umbo. Zilizojipaka juu ya jiwe kama rangi, mfano Buellia frigida ya kijivu na nyeusi, haziwezi kubanduliwa bila kuvunja mwamba, kwa hiyo zipige picha na uziache. Kwenye Mabonde Makavu ya McMurdo imepimwa ikikua chini ya milimita 1 kwa miaka 100. Zenye umbo la jani, mfano Umbilicaria decussata, zimeshikiliwa na jiwe kwa kitovu kimoja cha katikati. Zenye umbo la kichaka kidogo, mfano Usnea sphacelata yenye ncha nyeusi, husimama na kulikabili theluji linalopeperushwa, ambalo ndilo maji yake. Nazo kuna zile usizoziona kabisa: kwenye Mabonde Makavu jamii nzima za kuvumwani huishi milimita chache ndani ya jiwe la mchanga, ambamo mwanga hupenya na upepo haufiki.

Hatua ya sita: kupima maji, joto na uhai

Kipimo cha maji ni rahisi na hakihitaji umeme mwingi. Kata kipande kidogo kilichoruhusiwa, kipime papo hapo kwenye chombo kilichofungwa, kikaushe kwenye tanuri hadi uzito usibadilike tena, kisha gawanya uzito wa maji kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 1.20 kinachobaki gramu 0.30 kilikuwa na gramu 3 za maji kwa kila gramu ya mmea. Pale ambapo kibali hakiruhusu kukata, bandika kipande cha sponji chenye uzito unaojulikana juu ya mosi kwa muda maalumu, kipime tena, na ulinganishe viunzi kwa viunzi.

Joto lipime kwenye ncha za mashina, si kwenye nguzo ya hali ya hewa. Siku ya jua, hewa ikiwa karibu na sifuri, uso mweusi wa zulia lililokingwa na upepo huweza kupita nyuzi 20 za Selsiasi. Mmea unaishi katika hali ya hewa yake binafsi, ya urefu wa sentimita chache. Vihisio viwe vidogo, vyenye ncha nyeupe au zilizokingwa, la sivyo utapima joto la kihisio.

Kuhusu uhai, kanuni ni moja: usitangaze kifo cha mosi kavu. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba mosi Chorisodontium aciphyllum iliyotolewa kwenye ardhi iliyoganda ya Kisiwa cha Signy, ikiwa imekaa humo zaidi ya miaka 1500, ilichipua tena ilipowekwa kwenye joto na mwanga. Mwenye kifaa cha kupima mng'ao wa klorofili aloweshe kiunzi, akifunike gizani kwa nusu saa, kisha asome uwiano wa Fv/Fm, unaoonyesha jinsi mmea unavyoweza kuutumia mwanga. Thamani ya karibu 0.7 hadi 0.8 huonyesha mmea mzima, na zilizo chini sana hudai kurudiwa kesho yake baada ya mosi kunywa maji vya kutosha. Asiye na kifaa aloweshe sampuli ndogo na kuitazama kwa wiki kadhaa.

Hatua ya saba: kurudi, na kusoma kilichobadilika

Kipimo kimoja ni picha tu. Jamii hizi huzungumza kwa miaka. Kundi la Sharon Robinson wa Chuo Kikuu cha Wollongong lilipima viunzi vya Windmill Islands kati ya mwaka 2000 na 2013, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha Schistidium ikipungua na nafasi yake kuchukuliwa na Ceratodon na Bryum, huku mosi nyingi zikigeuka nyekundu. Mpangilio huo unasomeka moja kwa moja kwa kanuni ya maji: spishi ya mahali pa majimaji ilirudi nyuma, zile zinazovumilia ukavu zikasonga mbele, maana yake bonde limekauka. Sababu waliyoihusisha ni pepo za magharibi zilizobadilika pamoja na tundu la ozoni na ongezeko la joto duniani. Ushahidi ulikuwa pia ndani ya mashina yenyewe, kwa sababu kaboni ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 imeacha alama ndani yake, nayo huwezesha kujua kila sentimita iliota lini na kasi ilipungua wakati gani.

Usiharakishe hata hivyo kuandika kwamba joto likipanda mosi itanawiri au itakufa. Januari 2020 Casey ilipata wimbi la joto, nyuzi 9.2 zikisomwa tarehe 24. Joto kama hilo huyeyusha theluji na kunywesha zulia lililo chini ya lundo kubwa. Lile ambalo lundo lake limekwisha mapema hubaki kiu kwa msimu uliobaki, na mafuriko ya ghafla huweza kulikwangua lote. Ndiyo maana ramani ya theluji ya hatua ya pili lazima ichorwe upya kila unaporudi.

Anayepeleka mbinu hizi Aktiki, kwa mfano kwenye visiwa vya Svalbard vya Norwe, abadilishe swali moja. Huko kuna vichaka na nyasi nyingi, na majaribio ya mtandao wa ITEX, ulioanzishwa mwaka 1990, ambao hupasha tundra, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, joto kwa vizimba vidogo visivyo na paa, yameonyesha kwamba mimea mirefu ikistawi, kuvumwani na mosi hupungua kwa kukosa mwanga. Pima basi urefu wa majani yaliyo juu na kivuli chake, na uhesabu kinyesi cha reindia, jamii ya kulungu wanaozila kuvumwani wakati wa baridi.

Kwa msomaji aliye karibu na Mlima Kenya au Kilimanjaro, kiunzi, nyuzi na daftari la maji vinaweza kujaribiwa juu ya mita 4000 kwa kibali cha hifadhi husika. Mlima Kenya una mosi za jenasi ya Grimmia zinazoota kama mipira isiyoshikana na ardhi, kwa sababu barafu ya kila usiku huinua udongo na kuzigeuza. Nayo Bryum argenteum, mosi ya fedha inayopatikana Antaktika, ni hiyo hiyo ya kwenye nyufa za saruji za miji mingi duniani.

Sampuli zikaushe kwa hewa ndani ya bahasha za karatasi, kamwe si za plastiki, ambamo ukungu huzila. Andika kwa penseli, kwani wino hutiririka: tarehe, namba ya kiunzi, pembe ya kiunzi, hali ya maji, jina la aliyechukua na namba ya kibali. Sehemu ndogo ya kila sampuli iwekwe kwenye jokofu la nyuzi -20 bila kukaushwa. Wanyama waishio humo, yaani minyoo duara, utitiri na dubu-maji (vijinyama vya miguu minane visivyoonekana vizuri kwa macho), ni nusu ya jamii uliyokuja kuichunguza, nao huhifadhika hivyo: mosi iliyokusanywa Antaktika Novemba 1983 ilipoyeyushwa Japani mwaka 2014, dubu-maji wawili wa spishi Acutuncus antarcticus waliamka, na mmoja wao akataga mayai.